Moto Katikati ya Nyumba: Kutoka Kasese hadi Bwera

Mgeni anayeshuka kwenye basi mjini Kasese mchana wa mwezi wa Februari hawezi kusadiki kwamba katika wilaya hii yuko mtu anayehitaji kuota moto. Mji umekaa sakafuni mwa bonde la ufa, katika kimo cha mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita kusini yake si mbali. Mabati ya maduka huumiza macho. Mbuzi husogea kwa kufuata kivuli cha ukuta, na wenye duka hukaa barazani wakijipepea kwa vipande vya boksi. Kituo cha reli, ambacho kilipokea treni ya kwanza mwaka 1956 ili shaba ya Kilembe isafirishwe hadi Jinja kuyeyushwa, kimekaa miaka mingi bila mlio wa garimoshi.

Lakini mgeni huyo akiinua uso kuelekea magharibi, huona ukuta mkubwa wa milima ya Rwenzori uliofunikwa na wingu, na wingu likifunguka alfajiri huweza kuona weupe kileleni. Weupe ule ni theluji na barafu. Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa miteremko hiyo, huiita theluji nzururu, na kwa itikadi zao za asili humo ndimo anamokaa Kithasamba. Kilele cha Margherita kina kimo cha mita 5,109. Barafu yenyewe inapungua: mwaka 1906, Mwitalia Duke wa Abruzzi alipofika kileleni, ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6 na nusu, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Hata hivyo upungufu huo haujawaondolea baridi watu wanaokaa chini yake.

Hesabu ya baridi ni rahisi, na kila mwanafunzi wa jiografia hufundishwa. Mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mama aliyeuza kahawa yake Kasese mchana huku jasho likimtoka, akirudi nyumbani kwake penye mita 2,000, huikuta jioni nyingine kabisa. Ukungu hushuka na kukaa juu ya migomba, nguo zilizoanikwa asubuhi hubaki na unyevu, na watoto hukohoa. Ni mwendo wa saa chache kwa miguu, lakini ni kama mtu aliyehama nchi.

Njia moja ya kupanda ni ile ya Kilembe, inayofuata mto Nyamwamba. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi zingali zimesimama kwa safu bondeni, ingawa uchimbaji wa shaba ulikoma mapema katika miaka ya 1980. Mawe makubwa yaliyotapakaa kando ya mto ni ukumbusho wa mafuriko ya tarehe 1 Mei, 2013, yaliyovunja madaraja na nyumba na kuingia hadi hospitalini. Mafuriko yalirudi mwaka 2014, na tena mwaka 2020. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kupungua kwa miti kwenye miteremko, na habari ya miti huirudisha safari yetu mahali ilipoanzia, yaani kwenye moto wa nyumbani.

Katika nyumba ya kale ya mlimani, moto ulikuwa katikati, juu ya mafiga matatu. Kuta zilikuwa za fito au mianzi na udongo, na paa lilikuwa la nyasi. Moto huo mmoja ulikuwa na kazi nyingi kuliko mtumishi yeyote. Ulipika bundu, yaani ugali wa muhogo, na ulichemsha maharagwe na sombe kwa saa nyingi. Uliwaangazia wazee waliokuwa wakizungumza. Ulikausha kuni za kesho na mbegu zilizotundikwa darini, na moshi wake uliwafukuza wadudu waharibifu na kuyahifadhi manyasi ya paa yasioze upesi. Juu ya yote hayo, ulipasha nyumba nzima joto usiku kucha, maana kisiki kikubwa kilisukumwa majivuni na kuachwa kiungue polepole hadi alfajiri.

Moshi ulikuwa mwingi, na macho mekundu ya bibi ni ushahidi. Wala si vema kuisifu nyumba ile kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote, na wengi wa waliofariki walikuwa wa nchi ambazo watu wake hupikia kuni, makaa, au mafuta ya taa. Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na jambo moja jema ambalo halikusemwa kwa sababu hakuna aliyelazimika kulisema: ilipumua. Moshi ulipenya katika manyasi, hewa ikaingia katika nyufa za ukuta, na wenye nyumba wakaamka wazima.

Siku hizi nyumba ya namna hiyo ni adimu hata juu milimani. Kahawa ya arabika imewawezesha wakulima wengi wa Bukonzo kujenga kwa matofali na kuezeka kwa mabati. Kuta hupigwa lipu, madirisha hutiwa vioo au mbao, na mlango hufungwa kwa komeo kwa kuhofia wezi. Hayo ni maendeleo, na hakuna mama atakayetamani kurudi kwenye paa linalovuja. Lakini mabati hayashiki joto. Usiku nyumba ya mabati huwa baridi kuliko ile ya nyasi, na hakuna mafiga tena katikati ya sebule iliyosakafiwa kwa saruji. Jiko limehamia kibandani nje. Hapo ndipo familia, inapoona watoto wanatetemeka, huchukua sigiri yenye makaa yaliyokwisha kukolea, ikaiingiza chumbani, ikafunga mlango, ikalala.

Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, na hiyo ndiyo hila yake. Mama huiona sigiri iking'aa vizuri pasipo moshi, akadhani kwamba imetakata. Kumbe makaa yanayoungua mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kupeleka oksijeni mwilini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliye macho huweza kudhani ni malaria inayoanza. Aliyelala hazioni dalili hizo hata kidogo. Katika nchi za Afrika Mashariki, kila msimu wa baridi na mvua magazeti huandika habari za familia zilizokutwa asubuhi hazina uhai, na sigiri yenye majivu ya baridi katikati yao. Majirani husema ni uchawi au sumu ya chakula, na pengine mwenye kaya jirani hufanya vile vile usiku unaofuata.

Moto, basi, haukubadilika. Kilichobadilika ni nyumba.

Inafaa hapa kutazama jinsi watu wa nchi za baridi walivyolitatua jambo hili, kwa kuwa wapo wana wa Uganda wengi waliokwenda Uingereza na Ireland kusoma au kufanya kazi, na wakalazimika kujifunza ukubwani namna ya kukaa na joto lisiloonekana. Mtu aliyekulia kwenye mafiga anapoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya huko wakati wa majira ya baridi hutafuta moto kwa macho na hauoni. Huona tu visanduku vya chuma vilivyobandikwa ukutani, vinavyofanana na rejeta ya gari, na akivigusa huona ni vya moto. Ndani yake yamo maji yanayozunguka katika mabomba nyumba nzima, yakitoka kwenye mtambo wa kuyapashia, yaani boila, uliofichwa jikoni au nje ya nyumba. Katika sehemu za mashamba, na hasa Ireland ya Kaskazini ambako zaidi ya nusu ya nyumba hupata joto kwa njia hii, boila hiyo huchoma mafuta. Mafuta yenyewe, ambayo mgeni huyadhania kuwa kitu cha ajabu, ni mafuta ya taa, ndugu wa yale yale yaliyomo katika kibatari cha bibi yake, ambacho Waganda hukiita tadooba.

Huja gari lenye tangi likayamimina mafuta kwa mamia ya lita katika tangi kubwa lililo uani. Mwaka wa kwanza mgeni hukosea. Aidha hufungulia joto katika kila chumba, hata visivyolalwa, na tangi likakauka kabla ya baridi kwisha. Au kwa kuogopa gharama huzima kabisa, kuta zikapata ukungu na vifua vikaanza kubana. Baadaye hujifunza kupima mafuta tangini kama mama wa Kasese anavyopima makaa guniani, kufunga milango ya vyumba visivyotumika, kuziba pazia mapema jioni, na kumwita fundi kila mwaka kuikagua boila. Na wenyeji wa huko humwonya jambo moja kwa mkazo: bomba la kutolea moshi lisizibe, maana mafuta yanayoungua vibaya hutoa hewa ile ile ya sumu inayotoka kwenye sigiri. Nyumba nyingi huko hutundikwa kifaa kidogo kinachopiga kelele hewa hiyo ikionekana.

Mzungu hana siri zaidi ya hiyo. Ameutenga moto na joto. Moto umebaki kifungoni, moshi wake ukipitia bomba hadi nje, na joto peke yake ndilo linaloruhusiwa kuingia chumbani likibebwa na maji. Mwenye nyumba ya matofali mlimani Rwenzori hana haja ya kununua boila wala tangi la mafuta, na hata angekuwa na fedha ingekuwa upuuzi. Lakini kanuni ile inamhusu kwa sababu sasa naye analala katika nyumba iliyofungwa.

Kutoka Kasese kwenda Bwera barabara hushuka kusini hadi Kikorongo, karibu na alama ya ikweta, kisha hukata kulia ikiacha njia ya Mbarara. Upande wa kushoto ni nyika ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na yule asiyelala safarini huweza kuwaona tembo. Upande wa kulia milima humfuata msafiri kama ukuta wa uani. Hupitwa daraja la mto Nyamugasani, Kinyamaseke, kisha Kisinga penye hospitali ya Kagando, na kote huko kando ya barabara yamepangwa magunia ya makaa yenye vilemba vya majani, yakisubiri magari ya mjini. Kuni pia zimo, zimefungwa kwa matita madogo madogo. Tita dogo ni dalili ya kuni kuwa adimu. Tangu milima ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, msitu wa juu haukatwi ovyo tena, na mashamba ya chini yamejaa kahawa na migomba, basi mwanamke hutembea mbali zaidi ama hununua.

Bwera kwenyewe ni mji wa biashara. Ukishuka kidogo unafika Mpondwe kwenye mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kasindi katika Kongo, njia ya kwendea Beni na Butembo. Kikonzo cha upande huu na Kinande cha upande ule husikilizana, na pale ndimi zinapokwama, Kiswahili huziunganisha. Malori ya mbao hutoka Kongo, na malori ya mafuta huenda Kongo. Anayesimama darajani kwa saa moja huona miti ikija na petroli ikienda, na hahitaji kusomewa kitabu cha uchumi.

Si kwamba wilaya hii haina nguvu nyingine. Mito inayoshuka Rwenzori inazalisha umeme. Kituo cha Bugoye kwenye mto Mubuku peke yake, kilichofunguliwa mwaka 2009, kina uwezo wa megawati 13. Kiwanda cha saruji cha Hima kiligundua kwamba maganda ya kahawa yanaweza kuchomwa katika tanuri lake kupunguza mafuta. Mwaka 2012 wilaya, ikishirikiana na shirika la WWF, ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2020 nyumba zote zitumie nishati isiyokwisha, kama ya jua, ya maji na ya samadi. Katika jambo la taa, mabadiliko ni dhahiri: vibao vya jua vimo juu ya mabati hata katika vijiji ambavyo gari halifiki, na kibatari kimeanza kuwa kitu cha kuwasimulia watoto. Lakini taa ya jua haiivishi maharagwe wala haipashi chumba joto. Mtungi wa gesi nao huchemsha chai upesi na kukaanga mayai, ila mama akiufikiria muda wa sombe na bei ya kuujaza, huurudisha sufuria kwenye kuni. Kila nguvu mpya imechukua kazi moja ya mafiga. Hakuna hata moja iliyochukua zote, na ile ya joto la usiku ndiyo iliyosahauliwa kabisa na wapanga mipango, pengine kwa sababu wengi wao hukaa katika miji ya joto.

Kifaa kinachokaribia kuijibu haja hiyo kipo, nacho ni cha udongo. Ni lile jiko lenye bomba la moshi ambalo limekuwa likifundishwa katika wilaya nyingi za Uganda, linalojengwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au vumbi la mbao. Lina mlango mdogo wa kuni, matundu mawili ya sufuria, na bomba linalopanda hadi nje ya paa. Kwa kupika lina kasoro, kwa kuwa unene wa udongo hulifanya lichelewe kupata moto, na mwenye haraka ya chai hulichukia. Lakini kasoro hiyo mchana ni faida usiku: udongo ulioshiba joto tangu saa kumi na moja jioni hubaki na uvuguvugu kwa saa kadhaa, na moshi umekwisha kutoka kwa njia yake. Likijengwa likipakana na ukuta wa chumba cha watoto, ukuta ule hupata joto. Bomba lisafishwe masizi kila baada ya wiki chache, na kuni zikatwe fupi na kukaushwa vizuri, la sivyo litavuta moshi kurudi ndani na lawama zitamwangukia fundi bure.

Kwa mama ambaye hana jiko hilo bado, yapo mambo yasiyogharimu. Maharagwe yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe. Yataiva kwa kuni chache zaidi. Sufuria ifunikwe. Chakula kilichochemka kwa nusu saa kinaweza kutiwa pamoja na sufuria yake katika kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba na kufunikwa kwa blanketi kuukuu, nacho kitaendelea kuiva bila moto hadi kutwa. Chini ya mabati panaweza kutandazwa dari ya mikeka au mianzi ili joto la watu lisiruke. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni mwa mtoto, humfaa kuliko sigiri. Na ikiwa mtu amekutwa chumbani na sigiri amelegea au haamki, afunguliwe milango yote, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha apelekwe hospitali hata kama anaonekana ameamka vizuri.

Jioni Bwera huingia upesi, kama ilivyo kawaida ya nchi za ikweta. Ifikapo saa mbili, milima imekwisha kuwa meusi mamoja na mbingu, na vinaonekana vidoa vya nuru juu kabisa mahali ambapo mchana mgeni hakudhani kuna nyumba. Redio za upande huu na za upande ule huchanganya muziki. Nyuma ya maduka, wanawake hupuliza sigiri uani hadi makaa yakolee, wakapika, wakala na watu wao. Kisha yule aliyekwisha kuambiwa habari za hewa ile huimimina sigiri katika shimo la majivu nje, huyafukia makaa yaliyobaki ili ayaokoe kwa chai ya asubuhi, huwagawia watoto mablanketi, na ndipo hufunga mlango.